Niliambiwa Si Saratani

Watu wakiniomba niwasimulie ugonjwa wangu, huwa nawapa mwisho wake tu: nilipasuliwa, nikapona, sasa nakula. Wanafurahi, wanasema alhamdulillahi, wanaondoka. Lakini mtu aliyeketi kwenye benchi la hospitali leo, mate yakimshinda kumeza, mwisho wangu haumsaidii kitu. Kwa hiyo safari hii nasema na ile sehemu ya katikati, ambayo mpaka leo naionea aibu.

Jina langu Zaina. Nina miaka arobaini na tatu na naishi Sindeni, wilaya ya Handeni, pamoja na mume wangu, ambaye namwita Baba Rehema kwa jina la binti yetu mkubwa. Tunalima mahindi na mihogo, na tuna michungwa nyuma ya nyumba.

Ilianza wakati wa vuli, kwa tonge la bada. Nimekula ugali huo wa muhogo tangu sijaota meno yote, lakini siku hiyo tonge lilishuka mpaka katikati ya kifua likasimama. Nikanywa maji. Maji nayo yakasimama juu yake. Niliinuka nikazunguka uani nikijigonga kifuani kwa ngumi, mpaka lenyewe lilipoamua kushuka.

"Umepaliwa?" Baba Rehema akauliza.

"Nimepaliwa," nikasema.

Sikuwa nimepaliwa, na nilijua hivyo papo hapo, kwa sababu mama yetu alianza vilevile. Alifariki miaka sita kabla, kwa saratani ya koo.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa nilivyoishi baadaye. Mama alipougua, tuliomuuguza tulikuwa mimi na dada yangu Hidaya, aliyeolewa Mnyuzi, upande wa Korogwe. Daktari alimwita Hidaya pembeni akamwambia ukweli. Tukakubaliana kwamba mama asiambiwe. Tulimwambia ana vidonda vya tumbo. Watu wengi hufanya hivyo, na sisi tuliona ni huruma. Kwa miezi minane tulimwambia atapona. Tulimnunulia khanga mpya, tukampa chumba chenye dirisha kubwa, tukaacha kabisa kubishana mbele yake. Alipouliza, Hidaya alimwapia kwa jina la Mungu. Kazi yangu mimi ilikuwa kutabasamu.

Kwa hiyo tonge liliposimama, nilikaa kimya. Nilijifunza kula bada kwa mlenda mwingi ili liteleze. Nilijifunza kupakua mwisho, nile mwisho, nikiwa nimesimama jikoni, kwa sababu nikisimama chakula kilishuka kidogo. Baadaye ikawa uji, nikawaambia watu nafunga sunna. Nilianza kuikaza khanga kiunoni mara mbili. Majirani walipoanza kuninong'ona, nilikwenda kimya kimya kupima virusi vya UKIMWI, nikakutwa sina. Karibu nisikitike. Virusi vina dawa.

Siku ya kukamatwa ilikuwa harusini kwa jirani. Nililetewa pilau, na heshima ya mwenye shughuli ikanilazimu kula. Kipande cha nyama kilikwama, na safari hii hata mate hayakupita. Nilikimbia nyuma ya nyumba. Rehema alinikuta nimeinama, mate yananitoka kama mtoto anayeota meno.

"Mama, tangu lini?"

"Leo tu."

"Usinidanganye, mama. Sahani yako huwa naiosha mimi."

Nilimkataza asimwambie mtu. Alimpigia Hidaya simu kabla hatujafika nyumbani.

Kituo cha afya walinisikiliza, wakanibonyeza tumbo, na mganga akasema, "Inaonekana ni vidonda vya tumbo, mama. Tuanze dawa."

Nilimgeukia Baba Rehema nimwangalie usoni. Maskini, alikuwa anahesabu vidonge tu, apate kujua vya asubuhi na vya jioni. Lakini mimi tayari nilikuwa nimeingia kwenye kile chumba chenye dirisha kubwa, na mlango umefungwa nyuma yangu. Neno lilikuwa lilelile tulilompa mama.

Dawa zile nilizinywa masika yote. Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule, mahindi yakapanda juu, na mimi nikashuka. Mwishowe Hidaya alikuja mwenyewe akanichukua. "Utakaa kwangu Mnyuzi," akasema. "Korogwe ni karibu, na kutoka hapo tutakwenda popote watakapotutuma."

Namjua dada yangu maisha yangu yote. Ni mtu wa sauti kubwa, mtu wa kukugombeza umeshika ufagio vibaya. Siku hiyo alizungumza taratibu. Alinibebea begi. Nikaogopa.

Kutoka Korogwe tulitumwa hospitali kubwa Tanga, kwenye kipimo cha kuingizwa mpira wenye kamera kooni. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi, matumbo matupu, watu kama kumi na tano, wote tumekonda, kila mmoja akichungulia shingo ya mwenzake. Mama mmoja kando yangu alikuwa anarudi mara ya pili.

"Watakata kinyama kidogo kwenda kupima," akanielekeza. "Usiogope, hakiumi."

"Wasipokata je?"

"Wasipokata, ujue wameshajua."

Alisema bila nia mbaya. Sina hakika kama alijua anachosema. Lakini nililala kwenye kitanda cha kipimo, mpira ukapita, machozi yakanitiririka masikioni, na nilipoinuka nikauliza kitu kimoja tu.

"Mmekata kinyama?"

"Hapana, mama," daktari akasema. "Ngozi ya ndani ya njia ya chakula ni nzima kabisa. Uvimbe uko nyuma ya ngozi, kwenye misuli yake. Nikikata kutoka huku ndani nitaacha kovu, na atakayekuja kuutoa atapata shida. Kwa ninavyouona, si saratani. Utapigwa picha nyingine, halafu tutakupa rufaa."

Kisha akamwita Hidaya pembeni.

Walisimama mlangoni, dakika mbili, labda tatu. Baadaye nilikuja kujua alikuwa anamwelekeza chumba cha kuchukua barua. Wakati ule niliona tu mgongo wa dada yangu na kichwa chake kikiitikia. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

Tabasamu lile nililijua. Nililivaa mimi mwenyewe miezi minane.

Kipupwe chote nilikaa Mnyuzi nikisubiri tarehe ya upasuaji. Siwezi kueleza vizuri namna nilivyobanwa. Nyumba ya dada iko karibu na reli. Treni ya mizigo ikipita, vikombe vinagongana kabatini, na baada yake kimya kinakuwa kikubwa zaidi. Nilipewa chumba cha mbele. Nilinunuliwa khanga, doti mbili. Watoto wa dada walikatazwa kupiga kelele. Shemeji yangu, mtu wa maneno machache, alianza kuniulizia hali mara tatu kwa siku. Kila wema niliofanyiwa niliuhesabu kama ushahidi. Baba Rehema alipokuja na kapu la machungwa ya kwetu, akaniambia shamba lisinitie wasiwasi, nilimjibu vibaya mpaka akaondoka bila kunywa chai.

Mwili nao ulikuwa jela nyingine. Nilikuwa na kilo arobaini na moja. Pete ilinitoka kidoleni nikiwa naosha uso. Nikilala chali, chakula cha mchana kilirudi mdomoni, kwa hiyo nililala nimeegemea mito kama mgeni anayesubiri kuitwa. Kikombe cha uji kilinichukua saa nzima, na muda wote huo lazima mtu awe ananitazama. Unameza, wanameza nawe. Unasita, wanasita. Sikuwahi kupata upweke mkubwa kama ule wa kula mbele ya watu wanaokupenda.

Wiki moja kabla ya safari ya Dar es Salaam, nilimwambia Hidaya siendi.

Alikuwa anachambua mchunga uani, mboga ile chungu anayoipenda. Akaacha.

"Huendi kwa nini?"

"Sitaki kupasuliwa bure. Mama hakupasuliwa, akafa mzima. Na mimi niacheni hivyo."

"Zaina, wewe huna ugonjwa wa mama."

"Niapie."

"Wallahi."

"Mama naye ulimwapia hivyo hivyo," nikasema. "Nilikuwa nimesimama hapo hapo."

Aliangalia mikono yake, yenye maji ya kijani ya mboga. Kisha ile sauti yake ya zamani ikarudi, sauti kubwa niliyokuwa sijaisikia kwa miezi.

"Sasa unataka nikuambie nini? Nikisema ni saratani, utaniamini?"

"Ndiyo."

"Nikisema si saratani?"

Nikageuza uso upande wa reli.

"Basi wewe unataka kufa," akasema. "Mimi nilimdanganya mama na nitaulizwa mbele ya Mungu. Lakini sitakubali unizike na hilo nikiwa hai." Akaingia ndani, akaacha mboga yake kwenye ungo.

Ningependa kusema kwamba maneno yale yalinibadilisha. Hayakunibadilisha. Kilichonibadilisha ni kwamba siku mbili baadaye nilikunywa maji matupu na hayakushuka. Nilikubali kwenda kwa sababu ya njaa na kiu. Imani haikuwamo.

Dar es Salaam daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke, mdogo kwa umri kuliko mimi, mwenye mikono midogo. Alinichorea kwenye karatasi: bomba la chakula, na uvimbe umejishikiza ubavuni kama embe dogo. Akasema hatapasua kifua kizima. Atatoboa matundu manne upande wa kulia, apitishe kamera na vyombo, auchomoe uvimbe, ngozi ya ndani ibaki nzima. Akaniuliza kama nina swali.

"Ukikuta ni kibaya, utamwambia nani?"

Akaweka kalamu chini. "Nitakuambia wewe. Wewe ndiye mgonjwa wangu."

Nilitia sahihi. Hata hapo nikajiambia, labda ndivyo wanavyofundishwa kusema.

Nilipozinduka, nilikuwa nimefungwa kila upande. Mpira puani, mpira mnene ubavuni ukiingia kwenye chupa ya maji yaliyotoa mapovu kila nilipopumua, sindano mkononi, mpira wa mkojo. Sikuweza kugeuka bila kuita mtu. Kuvuta pumzi kuliuma kama kuchanwa, na bado nesi alinipa glavu niipulize kama puto, mara kumi kila saa, ili pafu lifunguke. Nilimchukia. Leo namwombea dua.

Lakini kubwa kuliko maumivu ilikuwa kiu. Siku nne sikuruhusiwa hata tone. Nililoweshwa midomo kwa pamba tu. Wodini chai ililetwa asubuhi, na harufu yake ilinijia kabla ya toroli. Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mtu mzima kutoka Lindi, tumbo lake limepasuliwa. Siku ya kwanza alinywa chai yake akinitazama. Siku ya pili, bila kusema kitu, alijikokota akageukia ukutani, akanywa taratibu akinipa mgongo, ingawa kugeuka kulimfanya agune kwa maumivu. Alifanya hivyo mpaka siku niliyoruhusiwa kunywa. Jina lake sikuliuliza, na hilo najilaumu.

Siku ya tano walininywesha dawa ya picha, wakaangalia kwenye mashine kama inavuja. Haikuvuja. Nesi akaja na kijiko cha maji. Kijiko kimoja. Nikakiweka ulimini nikaogopa kumeza, kwa mazoea. Kisha nikameza. Yakapita moja kwa moja, bila kusimama, mpaka nikayasikia baridi yake tumboni. Nilimtazama Hidaya. Alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

Uvimbe ulipelekwa maabara. Tukarudi Mnyuzi kusubiri wiki nne, na nikiwa na matundu manne ubavuni, kila moja kama tundu la kifungo, nikimeza mtori na uji na viazi vya kupondwa, vyote vikipita, bado nilikuwa kifungoni. Mama naye kuna wiki alipata nafuu.

Siku ya kliniki tulirudi Dar es Salaam, daktari akatusomea majibu mimi na dada. "Si saratani. Umetoka wote." Akatukabidhi karatasi, akatushika mikono. Hidaya alilia mpaka nje. Mimi nilikunja karatasi nikaiweka kwenye pochi. Ilikuwa imeandikwa Kiingereza.

Kesho yake tulipofika Korogwe, nilimwambia dada atangulie Mnyuzi, nina uzi wa kununua. Nikatafuta duka la kuchapa na kutoa nakala, karibu na stendi. Ndani alikuwepo binti peke yake, na juu ya meza yake kulikuwa na daftari la chuo cha uuguzi. Kumbe anasoma, na likizo anamsaidia shangazi yake kazi.

"Shikamoo mama. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Nisomee hii. Ni ya shemeji yangu, tunataka kujua kama atapona, tujipange."

Nilitaka isomwe na mtu asiyenijua, asiye na sababu ya kunionea huruma. Alisoma polepole, midomo inatikisika.

"Mwambie huyo shemeji ashukuru Mungu," akasema. "Ni uvimbe wa misuli wa kawaida. Wameandika hawakuona saratani. Na kingo zote ni safi, maana yake hawakuacha kitu."

"Soma tena."

Akasoma tena, akanionyesha kwa kidole.

"Hakuna mahali pameandikwa mgonjwa asiambiwe?"

Akanitazama, kisha akanitazama vizuri zaidi: mtandio uliolegea, mifupa ya shingo. Nadhani alielewa. Hakucheka.

"Hapana, mama," akasema kwa upole. "Hapa wanaandika walichokiona tu."

Nikaomba niketi. Alinisogezea kiti chake mwenyewe. Nililia pale, mbele ya mashine ya nakala, watu wakiingia na kutoka na vyeti vyao vya kuzaliwa, na binti yule akawahudumia bila kuniambia niondoke.

Nilipofika Mnyuzi, Hidaya aliniangalia mikono. "Uzi uko wapi?"

"Sikununua. Nimekwenda kusomewa karatasi na mtu mwingine."

Nilidhani atakasirika. Alikaa chini kwenye kizingiti. "Na amesema nini?"

"Amesema ulichosema."

"Haya," akasema. Kisha akaongeza, "Na mimi ningekwenda."

Ni mwaka mmoja na nusu sasa. Nimerudi Sindeni na kilo zangu hamsini na sita. Nakula polepole, natafuna sana, na tonge kubwa bado linanitisha. Ubavu unachoma wakati wa baridi. Baba Rehema nilimwomba radhi, akaniambia machungwa yale aliyaleta kwa sababu hakujua alete nini kingine. Kama chakula kinakukwama, nenda upigwe kamera mapema. Usile wima jikoni miezi na miezi kama mimi. Nenda na mtu, lakini mwambie daktari mbele ya mtu huyo kwamba majibu unayataka wewe.

Masika yaliyopita nilikuwa kwa dada, akaja mwanamume kutoka Kwashemshi, milimani kule. Amesikia habari zangu. Mke wake, Mama Pili, anaumwa koo, na lake si kama langu, limeshachelewa.

"Tumemwambia ni vidonda vya tumbo," akasema, akiizungusha kofia yake mkononi. "Naomba uje umwambie kwamba na wewe ulikuwa navyo, ukapona. Akikuona atapata nguvu."

Nilikwenda bila kujua nitasema nini. Mama Pili alikuwa kitandani, blanketi mpaka kidevuni. Mume wake alitupisha. Mama Pili alinitazama usoni.

"Wamekutuma useme vidonda?"

"Ndiyo," nikasema.

"Mimi najua tangu siku walipomwita mume wangu pembeni. Tulitoka hospitali, akanishika mkono mpaka stendi. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, hajawahi kunishika mkono barabarani."

"Mbona humwambii kwamba unajua?"

"Atalia," akasema. "Wanapenda nisijue. Nikawaachia."

Nikamkumbuka mama. Kila Hidaya alipomwapia, alikuwa anasema, "Sawa, mwanangu," kisha anageukia dirisha. Tulidhani anaangalia nje.

"Nimwite?" nikauliza.

Alilishusha blanketi kidogo kutoka kidevuni.

"Mwite. Lakini wewe usiende mbali."

Nilimwita. Nikakaa barazani, kwenye mkeka, mlango umeachwa wazi kidogo. Mwanzo sikusikia kitu. Kisha nikamsikia mwanamume yule akilia, kwa sauti, kama mtu aliyekuwa amezuiliwa muda mrefu, na sauti ya mkewe, nyembamba, ikimwambia, "Haya. Haya, Baba Pili. Sogea hapa."